Kaboni ogania katika maji ya Arusha na Moshi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Wengi wetu huamini kwamba maji maangavu hayana kaboni ogania, yaani masalia ya majani, mizizi na viumbe wadogo yaliyoyeyuka kiasi cha kupenya kwenye chujio. Sivyo. Rangi ya chai hutokana na sehemu tu ya masalia hayo, na jua kali huififisha huku kaboni nyingine ikibaki majini. Wekundu wa mto wakati wa masika, kwa upande wake, ni udongo: hunasa juu ya chujio la mikromita 0.45 na hauhesabiwi.

Inayoharibu kazi zaidi ni dhana kwamba inatosha kupima kaboni yote na kutoa ile isiyo ogania. Katika maji ya ukanda wetu wa volkeno, hasa maziwa ya Momella karibu na Mlima Meru, bikaboneti na kaboneti (kaboni isiyo ogania), zile zile za magadi, huizidi kaboni ogania mara nyingi. Tuseme lita moja ina miligramu 500 za kaboni, na 5 tu ndizo ogania: kosa la mashine la asilimia 1 linaimeza hesabu nzima. Ndiyo maana asidi hutiwa kwanza hadi pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ifike 2, kaboneti zigeuke kaboni dioksidi, hewa isiyo na kaboni ipulizwe kuifukuza, kisha kinachosalia kichomwe kwa nyuzijoto zipatazo 680 juu ya kichocheo cha platini, na gesi itokayo ipimwe. Matone machache yanayotosha maji ya mto hayatoshi maji ya Momella, ambayo huumuka povu kama soda iliyotikiswa. Anayekadiria kwa macho badala ya kupima pH huacha kaboneti, nayo husomwa kama ogania.

Kwamba kaboni hii ni sumu, nalo si kweli, ingawa maji yenye nayo nyingi yakitiwa klorini huzaa trihalomethani, kemikali zinazoweza kudhuru afya.

Wapo pia wanaoona chupa ya maji ya dukani, ikisuuzwa, inafaa kubebea sampuli. Plastiki huweza kuachia kaboni yake, na machujio mapya ya selulosi vilevile. Afadhali kioo kilichochomwa kwa nyuzijoto 450 kwa saa kadhaa. Sampuli isiyochujwa ikishinda juani kwenye daladala, bakteria hula kile tulichokwenda kukipima. Ichujwe mapema na isafiri ndani ya deli la barafu, pamoja na chupa moja ya maji safi ya maabara, ambayo ikisomeka miligramu 1 kwa lita inaonyesha kaboni iliyoingizwa na vyombo vyetu wenyewe.