Tazama sindano ya geji huku unavuta hewa

Geji ya shinikizo ikionyesha baa 200, yaani mtungi wa hewa umejaa, wazamiaji wengi huona mtungi umeshakaguliwa. Mimi sikubali. Vali ya mtungi ikifunguliwa kisha ikafungwa, hewa iliyobaki ndani ya paipu huendelea kuishikilia sindano palepale, nawe utavuta mara chache tu kabla haijakauka. Vali iliyofunguliwa kidogo ni hatari zaidi, kwa sababu juu ya maji inatosha kabisa. Ukifika mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, na kila pumzi inachota hewa mara nne. Kitundu chembamba hakipitishi kiasi hicho, na kipumulio kinakuwa kizito mdomoni pale hasa unapokihitaji.

Kwa hiyo vuta pumzi nne au tano nzito, macho yakiwa kwenye geji. Sindano ikitulia, sawa. Ikishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, vali haijafunguka vya kutosha.

Kosa hili mara nyingi huletwa na msaada. Mtu anasimama nyuma yako, anazungusha kishikio upande usio wake hadi kikagoma, kisha anakirudisha robo mzunguko kwa mazoea ya zamani. Karibu amekufungia mtungi akidhani amekufungulia. Mimi nashauri vali ifunguliwe yote, taratibu, mpaka ikome yenyewe, iachwe hapo. Pasipo desturi ya kurudisha robo, vali huwa wazi au imefungwa, na ni rahisi kujua ipi ni ipi.

Kabla ya hapo kuna kazi ya kufunga regulata, kifaa kinachopunguza shinikizo la hewa ya mtungi ili uweze kuivuta. Lowesha kwanza mkanda wa jaketi (ile ya kuelea inayojazwa hewa) unaobana mtungi. Utepe mkavu hulegea ukilowa, na mtungi huteleza ukiwa mgongoni. Ukishaukaza, nyanyua jaketi na uitikise: mtungi usisogee. Fungua vali kwa sekunde moja ipulize maji na mchanga, uifunge. Tazama oringi, pete ya mpira inayoziba kati ya vali na regulata: iliyopasuka, iliyobapa au yenye chembe ya mchanga itavuja. Kaza skrubu ya regulata kwa vidole tu. Unapofungua hewa, elekeza uso wa geji mbali na watu, kwani kioo chake kikipasuka kitaruka mbele. Ukisikia mlio wa kuvuja, usikaze wakati kuna shinikizo. Funga vali, bonyeza kitufe cha kipumulio hewa iishe, ndipo uifungue regulata na kubadilisha oringi.

Hewa yenye harufu ya mafuta au moshi, rudisha mtungi huo. Lakini kutokuwa na harufu si uthibitisho wa usafi, maana monoksidi ya kaboni hainuki. Mchanganyiko wa oksijeni nyingi upime mwenyewe kwa kipimo: wa oksijeni asilimia 32 kikomo chake cha kawaida cha kina ni takriban mita 33.

Jaketi ijazwe mpaka vali ya usalama itoe hewa, iachwe dakika chache, isinywee. Bonyeza kitufe cha kujaza mara kadhaa na uhakikishe kinarudi chenyewe. Chumvi ikikikwamisha kikiwa kimebonyezwa, jaketi itaendelea kujaa na kukupandisha juu kwa kasi usiyoweza kuizuia. Jaribu pia kila sehemu ya kutolea hewa. Mkanda wa risasi, ule wenye vipande vya madini ya risasi vya kukusaidia kuzama, uvaliwe ili kifungo chake kifunguke kwa mkono wa kulia, na pasiwe na mkanda mwingine juu yake. Ukifunguliwa lazima uanguke wote.

Mtungi usio na mtu wa kuushika ulazwe na kuzuiwa usibingirike. Wa alumini wa kawaida, wa lita 11, una uzito wa zaidi ya kilo 14. Ukianguka unavunja mguu au kuharibu vali.

Ukishavaa kila kitu, na kama kuna mkono mwingine uliogusa vali tangu ukaguzi wa kwanza, rudia zile pumzi nne ukitazama sindano. Kipumulio cha akiba nacho ukivute, kiwe kimefungwa kifuani kati ya kidevu na mbavu za chini, mahali mwenzako atakapokipata bila kukitafuta. Mapezi vaa mwisho, ukiwa ukingoni.