Mafunzo ya kliniki katika tiba ya usemi na lugha

Mafunzo ya kliniki ni kipindi ambacho mwanafunzi wa tiba ya usemi na lugha anahudumia wagonjwa wenyewe, huku mtaalamu aliyesajiliwa akimsimamia na kuwajibika kwa kila anachofanya. Si fildi ya kugongewa muhuri na kurudi chuoni. Mwanafunzi anapima, anapanga tiba, anaitoa, anajaza faili, na akikosea anasimamishwa palepale.

Wengi wakisikia fani hii huwaza kigugumizi tu. Kigugumizi kimo, lakini wamo pia mtoto wa miaka mitatu asiyetamka neno, mzee ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno, mwalimu aliyepoteza sauti kwa kupaza darasani, na mgonjwa asiyeweza kumeza. Ndiyo maana chuoni husomwa anatomia ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni), neva, fonetiki, isimu na makuzi ya mtoto. Kwetu mtoto akichelewa kusema, mara nyingi watu husema ulimi umefungwa, akatwe kile kiuzi cha chini. Kiuzi kikivuta kinaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka sauti chache, lakini hakimzuii kuanza kusema. Mwanafunzi hufundishwa kuanza na swali jingine: mtoto anasikia?

Marekani wanahesabu mafunzo haya kwa saa. Anayetaka cheti cha chama cha kitaifa cha fani hii, ASHA, lazima awe na shahada ya uzamili na saa 400: 25 za kutazama wengine wakitibu, 375 za kuhudumia mwenyewe. Saa za kuandaa picha au kuandika ripoti hazihesabiwi, hata zikiwa nyingi kuliko za mgonjwa. Msimamizi lazima awepo angalau robo ya muda ambao mwanafunzi yuko na mgonjwa. Baada ya hapo kuna mtihani wa kitaifa, na kufanya kazi chini ya mtaalamu mlezi kwa wiki zisizopungua 36.

Mafunzo mengi huanzia kwenye kliniki ya chuo chenyewe, yenye chumba cha kioo ambacho aliye nje anaona ndani bila yeye kuonekana. Chukua mtoto wa miaka mitano anayesema "tutu" akimaanisha kuku. Mezani kuna picha mbili, taa na kaa wa baharini. Mtoto anaambiwa leo yeye ndiye mwalimu: ataje picha, mwanafunzi aiokote. Anataka kaa, anasema "taa", anapewa taa. Ananuna, anajaribu tena, na hapo anaanza kugundua kwamba ulimi ukigusa mbele badala ya nyuma anapata kitu kingine. Wakati huohuo mkono wa mwanafunzi unaandika kila jaribio: sahihi, si sahihi, kwa msaada, bila msaada.

Nyuma ya kioo msimamizi naye anaandika. Wanafunzi wengi, nionavyo mimi, kosa lao ni kusema sana. Mgonjwa wa kiharusi anatafuta neno "kijiko", kimya kinaingia, na mwanafunzi kwa huruma analimalizia. Huruma hiyo imemnyima mgonjwa zoezi lenyewe. Kungoja ni ujuzi, na hauji kwa kusoma slaidi.

Wodini kazi ni nyingine. Chakula kikiingia njia ya hewa huweza kuleta nimonia, na wapo wagonjwa ambao hata hawakohoi kinapopotea njia. Kwa hiyo uzito wa uji hauamuliwi kwa jicho. Uji unajazwa kwenye sirinji ya mililita 10, unaachiwa utiririke kwa sekunde 10, kisha kinapimwa kilichobaki. Kikibaki kati ya mililita 4 na 8, basi ni ngazi ya 2 katika kipimo cha kimataifa cha uzito wa vyakula na vinywaji, chenye ngazi 0 hadi 7. Uji wa asubuhi ukipoa huwa mzito zaidi, basi unapimwa upya.

Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ndicho kilichotangulia kuanzisha masomo ya shahada ya fani hii, mwaka 2008. Shida inayomkabili mwanafunzi wa huku ni kwamba vipimo vingi vilitungwa kwa watoto wanaosema Kiingereza. Havigusi upatanisho wa ngeli, ambao ndio moyo wa sentensi yetu. Mtoto wa Unguja wa miaka sita akisema "kitabu yangu imepotea", hilo ni la kuandikwa. Wa Nairobi au Lubumbashi akisema hivyohivyo, huenda anasema kama mama yake, na hana tatizo lolote. Basi kabla ya picha yoyote kutolewa, mzazi huulizwa nyumbani wanazungumza lugha gani, na mchana mtoto anashinda na nani.