Kazi ya kwanza ya TEHAMA kwa mtu asiye na shahada wala alama nzuri

Wengi wanaofika kitengo chetu cha ushauri wa ajira huanza kwa kuomba radhi. Wanaweka vyeti mezani, wanaeleza kwa nini hesabu iliwashinda au kwa nini waliacha chuo mwaka wa pili, ndipo wanauliza kama bado wanaweza kupata kazi ya TEHAMA. Wanaweza. Ila inabidi wajue ni milango ipi inafunguka na ipi ya kuiacha kwa sasa, maana wengi huchoka kwa kubisha mlango usiofunguka.

Tuanze na lile sharti la shahada linalokaa juu ya karibu kila tangazo. Uzito wake hutegemea anayetangaza. Benki kubwa au taasisi ya serikali ikiandika shahada, huenda ombi lako likachujwa na mfumo kabla halijasomwa na mtu. Kampuni ndogo ikiandika maneno hayohayo, mara nyingi yamenakiliwa kutoka tangazo la zamani, na anachotaka mwenye kampuni ni mtu atakayehakikisha printa zinachapa na barua pepe zinafika. Ushauri wetu: soma majukumu kabla ya sifa. Kama zaidi ya nusu ya majukumu unayaweza, omba.

Pengine umesikia kwamba waajiri wakubwa wameachana na shahada. Ni kweli kwa kiasi. Machi 2022 jimbo la Maryland nchini Marekani liliondoa sharti la shahada ya miaka minne kwa maelfu ya nafasi zake, zikiwemo za teknolojia ya habari, na majimbo mengine yakafuata. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Taasisi ya Burning Glass na Shule ya Biashara ya Harvard walichunguza ni akina nani hasa walioajiriwa baada ya masharti kulegezwa, wakakuta kwamba mabadiliko hayo yaliwafikia watu wasiofika 1 kati ya kila waajiriwa 700. Sharti hufutwa kwenye karatasi, mazoea ya msaili yakabaki palepale. Amezoea kushika shahada kama uthibitisho. Ukimwondolea hiyo bila kumpa kingine cha kushika, atamchagua mwenye shahada. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi yako ni kutengeneza hicho kitu kingine.

Mlango ulio wazi zaidi ni dawati la msaada, yaani watu wanaopokea simu na ujumbe wa wafanyakazi wenzao kompyuta zinapogoma. Jirani yake kuna fundi anayezunguka maofisini kufunga kompyuta na kubadilisha vipuri, fundi wa kuvuta kebo na kufunga swichi za kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, na mhudumu wa zamu ya usiku katika kituo cha kufuatilia mitandao au chumba cha seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Kazi za usiku hazina wagombea wengi, na usiku ukitulia zinakupa muda wa kusoma. Uandaaji wa programu unawezekana bila shahada, ila ushindani wake ni mkali na safari yake ni ndefu. Usalama wa mitandao ndio unaotangazwa sana na wauza kozi, na hapa niseme wazi: kozi ya wiki sita haikupi kazi ya kulinda mtandao ambao hujawahi kuuendesha. Wengi wanaofanya kazi hiyo vizuri walipitia dawati la msaada au usimamizi wa seva kwanza.

Na dawati hilo lisidharauliwe. Septemba 2023 kampuni ya hoteli na kasino ya MGM Resorts ilivamiwa, na taarifa nyingi zilieleza kwamba wavamizi walianza kwa kupiga simu dawati la msaada wakijifanya mfanyakazi. Kampuni ilikadiria kwamba tukio hilo liliigharimu takriban dola milioni 100. Mtu anayebadilisha nenosiri la mwenzake kwa simu ameshika ufunguo wa jengo zima. Ukiulizwa kwenye usaili utafanya nini mkurugenzi akikupigia kwa haraka akitaka nenosiri jipya, jibu sahihi linaanza na kuthibitisha kwamba kweli ni mkurugenzi, kwa kufuata utaratibu wa kampuni, hata akikasirika.

Sasa usaili wenyewe, maana hapa ndipo asiye na vyeti anaweza kumshinda mwenye navyo. Kuna swali moja ambalo nimelisikia kwa sura nyingi: mtumiaji amepiga simu, anasema intaneti haifanyi kazi, utafanya nini? Wagombea wengi hurukia jibu: nitazima na kuwasha ruta. Msaili anatikisa kichwa na kuandika kitu. Kuwasha upya ni dawa halali kabisa, shida ni kutoa dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Mgombea mzuri huanza kwa maswali. Ni wewe peke yako au na wenzako? Ilianza lini, na kuna kitu kilibadilika kabla ya hapo? Umefungua ukurasa mmoja ukakataa, au yote? Swali la kwanza pekee linagawa tatizo mara mbili: kama ofisi nzima imekatika, hakuna sababu ya kuhangaika na kompyuta moja. Kama ni mmoja tu, tunashuka chini kwenda kwenye kebo ya mtandao, taa za swichi, na kama amejiunga na Wi-Fi iliyo sahihi. Kisha anwani, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Kwenye Windows unaandika ipconfig na kuangalia namba. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa sababu haikuipata kutoka kwa seva ya DHCP, inayogawa anwani kwenye mtandao. Sasa unajua pa kutafuta. Anwani ikiwa sawa, tuma ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu, kwa ruta, kisha kwa anwani ya nje kama 8.8.8.8. Ikijibu lakini kurasa hazifunguki kwa majina, mshukiwa ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, na amri ya nslookup itakuthibitishia. Baada ya kurekebisha, unamwomba mtumiaji afungue alichokuwa akikifungua, yeye mwenyewe, mbele yako. Halafu unaandika kwenye tiketi, yaani rekodi ya ombi lake: tatizo lilikuwa nini, chanzo, ulichofanya.

Mgombea akinieleza hivyo kwa utulivu, sina haja kubwa ya kujua alipata nini kwenye kemia. Utaratibu huu haufichwi na mtu. Mtihani wa CompTIA A+, cheti cha mafundi wanaoanza, unaufundisha kwa hatua sita, na ya mwisho ni kuandika kumbukumbu. Hiyo ya mwisho ndiyo mafundi wengi hodari huiruka. Mkuu wa dawati anaichukia tabia hiyo kuliko kutojua, kwa sababu tatizo lilelile likirudi mwezi ujao linaanza upya kutoka sifuri.

Ujuzi huo unajengwa nyumbani. Unahitaji kompyuta moja isiyo dhaifu sana, au mbili chakavu. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zinawekwa kando. Uliza jamaa na ofisi zilizo karibu nawe. Moja ifunge Linux, mfumo endeshi kama Windows ila hauna malipo. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu (RAM) ya kutosha, weka VirtualBox ambayo pia ni ya bure, utengeneze mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Microsoft hutoa Windows Server ya majaribio kwa siku 180. Ndani yake weka Active Directory, mfumo wa kusimamia akaunti za watumiaji wa ofisi, tengeneza watumiaji wa kubuni, wape makundi na ruhusa, wafungie akaunti kisha uzifungue, sahau nenosiri makusudi. Hayo ndiyo yanayojaza siku ya dawati la msaada katika ofisi nyingi. Kwa upande wa mitandao, Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, hutoa Packet Tracer bila malipo kupitia chuo chake cha mtandaoni: unaburuta ruta na swichi za kuchora, unaziunganisha, unaziharibu, unazitengeneza.

Neno la kusisitiza hapo ni kuziharibu. Kufuata video hatua kwa hatua hadi kila kitu kikubali hakufundishi sana. Zima DHCP makusudi uone kompyuta inalalamika vipi. Weka anwani mbili zinazofanana. Andika DNS isiyo sahihi. Kila jaribio liandikie ukurasa mmoja: dalili, nilichodhani, nilichojaribu, kilichofanya kazi, na picha moja ya skrini. Kurasa kumi za namna hiyo, zilizowekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha kazi, au hata kwenye faili moja la PDF, ndicho kile kitu cha kushika nilichosema mwanzoni. Msaili atafungua mbili, atakuuliza kuhusu moja, na utakuwa unazungumza jambo ulilolifanya kwa mikono yako.

Ongeza watu halisi. Shule, kituo cha afya, nyumba ya ibada, chama cha hiari: karibu wote wana kompyuta zisizo na nakala rudufu na orodha ya vifaa isiyojulikana iliko. Jitolee kwa kazi yenye mwisho, mathalani kuhesabu vifaa vyote na kuviwekea kumbukumbu, au kupanga nakala za faili na kuzijaribu kama zinarudi. Mkubaliane kipindi na upate barua. Kujitolea kusiko na mwisho humgeuza mtu fundi wa bure wa kudumu, na hilo silishauri.

Kuhusu vyeti vya kitaaluma nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi: kimoja kinatosha kuanzia. CompTIA A+ ina mitihani miwili, haidai elimu ya awali, na hudumu miaka 3 kabla ya kuhuishwa. Ni cha gharama, kwa hiyo usijisajili mpaka mitihani ya mazoezi uwe unaipita mara kwa mara. Cheti cha Google cha msaada wa TEHAMA, kilichoanza 2018, ni nafuu na kinafaa kwa anayeanza kabisa, ingawa mbele ya baadhi ya waajiri hakina uzito wa A+. Anayevutwa na mitandao aende CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, akijua ni mzigo mkubwa zaidi. Mafunzo ya Microsoft Learn ni bure hata kama hutafanya mtihani. Jiepushe na wanaouza maswali halisi ya mitihani: ukigundulika cheti hufutwa, na usipogundulika utaumbuka kwenye usaili, kwa sababu utakuwa na cheti cha mitandao huku hujui 169.254 inamaanisha nini.

Wasifu wako uwe kurasa moja au mbili. Mwenye shahada huanza na elimu. Wewe anza na ujuzi na kazi ulizofanya, elimu ikae chini, iliyo kweli, bila alama kama hazikuombwa. Andika kwa vitendo: badala ya «nina ujuzi wa kompyuta», andika «nilifunga Windows na kuhamisha faili za watumiaji kwenye kompyuta za shule fulani». Kama uliwahi kuuza dukani, kuhudumia mezani au kupokea simu, usikifiche. Dawati la msaada ni kazi ya kuongea na watu waliokasirika, na aliyewahi kusimama kaunta siku yenye foleni ana kitu ambacho maabara haifundishi. Cheti cha kughushi usikiguse kabisa; waajiri huwasiliana na vyuo, na hata baada ya miaka unaweza kufukuzwa kwa hilo.

Swali la alama likija, lijibu kwa sentensi mbili na uvuke. «Matokeo yangu ya shule hayakuwa mazuri. Tangu hapo nimekuwa nikijifunza hivi, na kazi zangu ni hizi hapa.» Simulizi ndefu ya kwa nini ulifeli humchosha msaili na humfanya akumbuke kufeli kuliko kurasa zako kumi.

Pa kutafuta, tazama kwanza kampuni zinazohudumia TEHAMA za biashara nyingine ndogo kwa mkataba. Kazi ni nyingi, malipo ya kuanzia si makubwa, na kwa sababu unaona mitandao ya wateja wengi, unajifunza kwa kasi kuliko mahali pengi. Halafu shule, hospitali, hoteli, watoa huduma za intaneti na wauzaji wa vifaa. Nafasi nyingine hazifiki kwenye matangazo, hivyo barua fupi kwa mkuu wa TEHAMA, yenye kiungo cha kazi zako, si usumbufu. Anayekutaka ulipe ada ya usajili, ya mafunzo au ya vifaa ili akuajiri hana kazi ya kukupa.

Ukishapata, mwaka wa kwanza angalia tiketi zipi zinakuvuta. Wapo wanaopenda kufuatilia hitilafu za mtandao, wapo wanaopenda kuandika hati fupi ya amri inayofanya kwa dakika moja kazi ya saa nzima, wapo wanaogundua kwamba wanapenda kufundisha watumiaji. Cheti cha pili kifuate mvuto huo. Shahada nayo ina wakati wake: nafasi za uongozi na ajira nyingi za umma bado zinaidai, na baadhi ya waajiri huchangia ada ya mfanyakazi anayesoma jioni. Uliza kuhusu hilo kabla ya kusaini mkataba, pamoja na zamu, malipo ya saa za ziada, na nani atagharamia safari ukitumwa kwa mteja.