Okidi ndogo Bukavu: usibandue ya msituni

Msimu wa mvua ukianza, watu hutuletea hapa maabara okidi, mimea ya maua inayoota juu ya miti, zilizobanduliwa humo, zimefungwa katika jani la mgomba, wakiuliza namna ya kuzitunza. Jibu letu haliwapendezi: nyingi zitakufa, hata zikitunzwa vizuri.

Okidi hizi, ambazo mmea mzima huenea kiganjani, hazinyonyi mti zilioushika. Maji huyapata kwenye mvua na ukungu kupitia mizizi iliyovikwa ganda jeupe linalofyonza haraka. Nyunyizia mzizi mkavu uone: rangi ya fedha hugeuka kijani hapo hapo. Kuubandua mzizi ni kulichana ganda hilo, na mmea mdogo hauna akiba ya kungojea mizizi mipya. Stolzia repens, kwa mfano, hutambaa juu ya gome kama mkeka. Ukiing'oa unabaki na vipande.

Aliyepata mche halali, yaani uliooteshwa na si wa msituni, Bukavu, hapa mashariki mwa Kongo, imempendelea. Tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na ule ubaridi wa usiku ambao wakulima wa Ulaya huulipia umeme, sisi tunaupata bure. Funga mche kwa uzi laini kwenye kipande cha gome gumu, uutundike barazani penye upepo na kivuli chepesi. Tumia maji ya mvua, asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku. Kuanzia Juni hadi Agosti nyunyiza kila siku. Majani yakiwa kijani kizito na maua hayaji, mwanga ni hafifu. Yakiwa mekundu, jua limezidi. Mbolea, robo ya kipimo cha kwenye pakiti inatosha. Okidi za jenasi Polystachya zitakushangaza: ua lake limekaa kichwa chini, na petali iitwayo mdomo iko juu.

Kwa nini basi miche halali ya spishi adimu haipatikani? Tatizo linaanzia kwenye mbegu. Tunda moja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, zisizo na chakula ndani. Msituni huota tu zikikutana na kuvu inayozilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa, kwenye rojo yenye sukari, bila kuvu. Kazi hiyo inataka usafi wa maabara, na kutoka mbegu hadi ua ni miaka kadhaa. Spishi yenye wanunuzi wachache ulimwenguni, nani ataihangaikia? Ndiyo maana bei hupanda, na mwenye panga huingia msituni.

Sheria iko wazi. Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kuzivusha mpaka, hata kwenda Rwanda hapo jirani, kunataka kibali. Miche michanga iliyo bado ndani ya chupa za maabara ndiyo kwa kawaida husamehewa. Ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega hairuhusiwi kuchuma kitu, hata kwenye tawi lililoanguka.

Muuzaji akikosa kukuambia mche ulioteshwa wapi, usinunue. Na wewe mwenye mimea miwili ya spishi moja iliyochanua pamoja, hamisha chavua kwa kijiti cha meno kutoka ua moja hadi jingine. Tunda likianza kugeuka manjano, lilete maabara kabla halijapasuka. Likishapasuka, ni vigumu kuzisafisha mbegu bila kuziua.