Je, majitaka ya mji yanawezaje kulisha hifadhi ya ndege?

Arcata ni mji mdogo ufuoni mwa Ghuba ya Humboldt, kaskazini mwa California, Marekani. Pembeni mwake kuna hifadhi ya ardhioevu ya takriban hekta 124, ambako zaidi ya aina 300 za ndege zimewahi kuonekana. Sehemu ya maji wanamoogelea bata wa hapo yametoka vyooni na jikoni mwa wakazi.

Zamani hapo palikuwa na vinamasi vya chumvi, katika nchi ya Wawiyot, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Walowezi wa karne ya 19 waliyazuia maji ya bahari kwa matuta wapate malisho ya ng'ombe. Baadaye vikaja viwanda vya mbao, kisha dampo la mji, lililofungwa mwaka 1973.

Mwaka 1974 California ilizuia majitaka kumwagwa kwenye ghuba kama hiyo, isipokuwa mji uthibitishe kwamba maji yake yanainufaisha ghuba yenyewe. Likaja pendekezo la mtambo mmoja mkubwa kwa eneo zima, wa mamilioni ya dola. Arcata wakakataa. Wakawasikiliza wataalamu wa chuo kikuu cha hapohapo: George Allen, ambaye tayari alikuwa akifuga samaki aina ya samoni kwa kutumia majitaka yaliyosafishwa, na mhandisi Robert Gearheart. Majaribio yalianza 1979, na mwaka 1986 mfumo kamili ukafunguliwa. Kwangu mimi, ule ukaidi wa mji ndio uliookoa ghuba.

Sasa, maji husafishwaje? Kwanza hutuamishwa, tope likazama. Kisha huingia kwenye mabwawa ya wazi kama yale ya Ruai, nje kidogo ya Nairobi: mwani hutoa oksijeni mchana, bakteria huitumia kumeng'enya uchafu. Tatizo ni kwamba maji hutoka humo yakiwa kijani, na mwani uliobaki nao ni uchafu.

Hapo ndipo maji hupitishwa kwenye vinamasi vya matete, nayo matete hufanya kazi yake. Wengi hudhani mizizi ndiyo inayofyonza kila kitu. Inafyonza, ila kidogo. Kazi kubwa ni kivuli na utulivu: mwani ukikosa jua hufa na kuzama. Tena, lipapase shina la tete chini ya maji, utakuta linateleza. Utelezi ule ni utando wa vijidudu, na ndio unaokula uchafu uliosalia. Mashina yakiwa maelfu kwa maelfu, utando huo unapata mahali pengi pa kushika.

Baada ya hapo maji hupitishwa kwenye vinamasi vya ndege, na vimelea vya magonjwa huuawa kabla maji hayajafika ghubani, ambako wafugaji wa chaza wanategemea usafi wake.

Njia hii inataka ardhi pana na subira. Na kwa kuwa vinamasi viko karibu usawa mmoja na bahari, kila kina cha bahari kinapopanda, matuta yaleyale ya kuzuia maji yanazidi kuelemewa.