Silinda hedi iliyochemsha: ikarabatiwe au ibadilishwe?

Silinda hedi ni kile kipande kizito kinachofunika bloku ya injini kwa juu. Ndani yake mna valvu (vifuniko vinavyofunguka na kujifunga kupitisha hewa na moshi), njia za hewa na moshi na mifereji ya maji. Kwenye injini nyingi za siku hizi kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, nayo imelala humo humo. Baina ya hedi na bloku hukaa gasketi, inayozuia moto, maji na oili visikutane. Kukarabati hedi ni kuifungua yote, kuisafisha, kuipima, kunyoa uso wake kwa mashine hadi unyooke (mafundi huita skimingi), kusaga viti vya valvu (pale valvu zinapokalia zikijifunga) na kutia sili mpya. Kubadilisha ni kuiweka kando na kufunga nyingine, mpya au iliyotumika.

Hapa Mombasa swali hili huja gari likishachemsha, iwe ni kwenye foleni ya feri Likoni au lori lenye shehena likipanda Mazeras. Kisha kuna la maji. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na anayejaza rejeta kwa maji hayo badala ya kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) huiacha hedi ya alumini iliwe polepole, mpaka kingo za mifereji zikachimbika.

Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha bloku. Injini ikipita joto lake, hedi hutaka kutanuka na bolti zimeishikilia, basi ikipoa hubaki imepinda. Fundi hulaza rula ya chuma juu ya uso na kupenyeza vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa injini nyingi ndogo za petroli kikomo ni karibu milimita 0.05, kama nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha injini yenyewe.

Hedi iliyopinda kidogo, isiyo na ufa, ikarabatiwe. Ila skimingi ina mwisho wake. Kila inaponyolewa, valvu husogelea pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, na mgandamizo wa hewa humo hupanda, na kwenye dizeli nafasi ni finyu zaidi. Tena kunyoa chini hakunyooshi makao ya kamshafti kule juu. Yakiwa yamepinda, shafti itazunguka kwa shida, hata ikatike.

Ufa ndio unaoamua zaidi, na macho peke yake hayatoshi. Mifereji huzibwa, hewa ikashindiliwa ndani, kisha hedi ikazamishwa kwenye maji ya moto na mapovu yakatazamwa. Maji yawe ya moto, kwa kuwa kuna nyufa zinazojifumba hedi ikipoa. Ufa wa baina ya viti vya valvu ulioingia kwenye mfereji wa maji, mimi nisingeukarabati. Kuchomelea alumini kunawezekana, lakini hedi nzima yafaa ipashwe moto taratibu kwanza na kunyooshwa tena baadaye. Kazi ya harakaharaka huzaa ufa mwingine kando ya ule wa kwanza.

Basi wengi hukimbilia hedi iliyotumika kutoka Japani, kwa kuwa vipuri vinashuka bandarini petu. Ni uamuzi mzuri, kwa sharti moja ambalo nalisisitiza: nayo ipimwe kwa hewa na kwa rula kabla hujalipa, au mkubaliane na muuzaji kwamba itarudi ikionekana mbovu. Huenda injini iliyoitoa nayo ilichemsha.

Katika hesabu ya gharama tia gasketi mpya na bolti mpya, maana bolti nyingi za kisasa huvutika zikikazwa na hazifai kurudiwa. Chanzo cha kuchemsha nacho kitafutwe: rejeta iliyoziba, thamostati (inayofungulia maji yapite injini ikipata moto), feni au pampu ya maji. Uso wa bloku upimwe pia kabla ya kufunga, kwani hedi iliyonyooka ikikalia bloku iliyopinda itavuja vilevile.