Kishikwambi kimoja, wanafunzi 80

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 hapa Tanzania, vishikwambi (tableti) walivyotumia makarani vilikabidhiwa kwa walimu wa shule za umma. Katika kazi yangu ya kuwanoa walimu waliopo kazini, nakutana navyo mara kwa mara. Vingi hutumika kuandaa andalio la somo na kujaza taarifa za ofisi, kisha hurudi kabatini. Nikiuliza kwa nini haviingii darasani, najibiwa: "Kimoja, na watoto ni 80. Nitafanya nacho nini?"

Swali hilo ni la haki. Wengi huanza kwa kukigeuza kishikwambi kuwa runinga, lakini kioo chenye ukubwa wa daftari hakionekani kutoka dawati la tatu, na watoto wa nyuma huanza kupiga soga. Nguvu yake iko kwingine: hunasa yale ambayo sikio na jicho la mwalimu haviwezi kuyashika yote.

Chukua kusoma, darasa la pili. Wenzake wakiwa wananakili, mwite mtoto mmoja pembeni, mpe aya fupi, mrekodi kwa dakika 1. Ukirekodi watoto 5 kwa siku, baada ya siku 16 za masomo umewamaliza wote 80. Jioni, ukisikiliza kwa utulivu, utayasikia yaliyokupita mchana. Huyu husoma "ng'ombe" kama "ngombe". Yule huona herufi ya kwanza tu, neno zima akalibuni. Mwingine hukata "mbwa" vipande vitatu. Hao ni watoto watatu wenye shida tatu tofauti, na ukiwasomesha wote kwa pamoja kwa kuitikia kwa sauti, shida hizo hujificha ndani ya kelele. Kesho yake mrudishie kila mmoja sauti yake aisikie. Wengi hujikosoa kabla hujafungua mdomo. Mwezi ukipita, rekodi tena, ila mpe aya nyingine ya ugumu uleule, kwa sababu ile ya kwanza huenda ameshaikariri.

Jicho nalo lina kazi yake katika sayansi. Weka mbegu za maharage kati ya pamba yenye unyevu na ukuta wa glasi. Kabla ya yote, kila mtoto aandike anachodhani kitatangulia kutoka, jani au mzizi. Hapo ndipo somo lilipo, msiliruke. Kisha piga picha kila siku saa 4 asubuhi, ukisimama kwenye alama ileile ya chaki. Baada ya wiki moja hivi, pitisha picha hizo haraka kwa mfululizo: mzizi unatangulia, shina linajikunja kama ndoano, linanyooka na kuziinua nusu mbili za harage. Vikundi 8 vya watoto 10, kila kimoja dakika 5, ni kipindi kizima cha dakika 40. Kwa hiyo vikundi 4 vitazame leo na 4 kesho, wengine wakichora glasi yenyewe.

Huulizwa pia kuhusu programu za kufundishia. Mkoa wa Tanga una historia ya kujivunia hapa. Kati ya 2017 na 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutengeneza programu za mtoto kujifunzia mwenyewe, yaliwapa vishikwambi watoto karibu 3,000 wa vijijini, wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, yalifanya kazi bila intaneti, na chaji ilitoka kwenye jua. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10 mwaka 2019. Mimi nachukua mambo mawili: lugha anayoielewa mtoto, na kutotegemea mtandao. Programu inayodai bando kila dakika iache. Vitabu vya kiada vipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vipakue penye mtandao, uvifungue darasani bila mtandao.

Walimu wakuu huhofia utoro wa akili, na sibishani nao. Ufaransa ilipiga marufuku simu za wanafunzi shuleni kwa sheria ya 2018. Ninachokieleza hapa ni kifaa cha mwalimu, kikiwa katika hali ya ndege, na kinachozimwa shughuli ikiisha.

Ninalolikazia zaidi ni zile rekodi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtoto anayejikwaa kusoma ni taarifa yake. Waeleze wazazi kabla ya kuanza, na wakubali. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la walimu, hata kwa nia njema. Ikichekwa mara moja, mtoto huyo hatasoma tena kwa sauti mbele yako. Mwaka ukifungwa, mwite mzazi asikilize ya Januari na ya Novemba akiwa na mwanawe, kisha uzifute zote.